Fremu ya Damu ya Mzee

Nauza sigara, magazeti na viberiti kwenye kibanda kilicho mdomoni mwa soko, na ubao wa tanzia uko hatua tatu kutoka dirishani kwangu. Huku kwetu mtu akifa hubandikwa. Karatasi moja: picha juu, jina, tarehe, saa ya maziko, orodha ya waliofiwa, na fremu kuzunguka yote hayo. Nyeusi ni ya Mkristo. Kijani ni ya Mwislamu. Buluu ni ya kijana wa dini yoyote, maana kijana akifa hata wambea husahau kuuliza alikuwa akisali wapi. Nimekaa pale miaka kumi na tisa na nimewachunguza wateja wangu: macho yao husoma fremu kwanza, jina baadaye. Rangi yangu mimi siwaambii. Watu huniita Seka, jina la utotoni lisilomjulisha mtu lolote, na tangu vita vilivyotugawa kwa dini limenifaa kuliko kitambulisho.

Ninayetaka kumsimulia ni Zumreta, Zumra kwa sisi tunaomjua, mwanamke wa miaka hamsini na sita aliyekata ngozi katika kiwanda cha viatu kwa miaka ishirini na miwili mpaka kilipofungwa. Alikaa bila kazi muda mrefu. Mwishowe ofisi ya ajira ikampeleka kwenye kozi ya kompyuta ya miezi mitatu, yeye akiwa mkubwa kuliko mwalimu wake, akatoka huko na cheti na kazi katika duka la fotokopi lililo mkabala na kibanda changu. Yeye ndiye mwandika tanzia wetu. Kazi yenyewe haikuwa na maajabu. Fremu tatu zilikuwamo tayari ndani ya kompyuta. Unachagua moja, unaandika maneno, unachapa. Mwenye duka, Vinko, alimpenda kwa sababu hakosei majina, na mfiwa akilia mbele yake yeye humtilia kahawa tu bila kumsemesha.

Rafiki yake Slavojka, yaani Slavka, alikuwa fundi cherehani wa kiwanda hichohicho. Wawili hao walikuwa chanda na pete. Slavka alizaliwa Mkristo, akaolewa na Mevludin, Mwislamu, zamani zile ambapo jambo hilo lilikuwa harusi kama harusi nyingine. Mwaka jana wakati wa baridi alipata ugonjwa ule ambao hatupendi kuutaja. Mwezi wa pili tulikwenda kumtazama, Zumra na mimi. Tukavua viatu mlangoni, Mevludin akatupikia kahawa, kisha akatoka nje kuchanja kuni ambazo zilikuwa zimeshachanjwa.

"Zumra," Slavka akasema, "unamkumbuka Dobrila?"

Nani asiyemkumbuka Dobrila wa stoo ya kiwanda? Naye aliolewa hivyohivyo. Alipokufa, ndugu zake walitoa karatasi nyeusi yenye msalaba, ndugu wa mume wakatoa ya kijani, kila moja na saa yake ya maziko na orodha yake ya wafiwa, wala upande mmoja haukuutaja mwingine. Zilikaa ubavu kwa ubavu mbele ya dirisha langu wiki mbili nzima.

"Basi mimi sitaki kufa mara mbili," Slavka akasema.

"Nani kakwambia unakufa?"

"Daktari, we mwanamke! Unanisikiliza au hunisikilizi?"

"Nakusikiliza."

"Karatasi moja. Isiwe nyeusi, isiwe ya kijani. Nitie kwenye hii."

Akavuta pindo la kitambaa cha rafu. Ilikuwa kroshia yake: viganja vidogo vyenye vidole vitano vitano, vimepangana ukingoni mwa kitambaa, kwa uzi wa rangi ya damu ya mzee. Uzi huo ulikuwa wa kushonea viatu kiwandani. Sote tuliopita kiwandani humo tuliuiba, tusidanganyane, ila Slavka ndiye aliyeugeuza kuwa kitu cha maana, na nusu ya nyumba za mji huu zina pindo lake dirishani au mezani.

"Nitakufanyia," Zumra akasema. "Ni kitu kidogo tu hicho."

Kitu kidogo! Maskini, hakujua anaingia wapi.

Ndani ya programu ile ya kuchorea mna kitu wanachokiita brashi. Unachora alama yako mwenyewe mara moja, unaihifadhi, na tangu hapo kila ukivuta mstari, alama yako inaufuata. Mwalimu wa kozi aliwaonyesha dakika tano kabla ya kufunga. Zumra alikilaza kitambaa cha Slavka juu ya kioo cha skana, ikatoka picha safi, akaiburuta hadi kwenye kisanduku cha brashi. Programu ikamfungulia kidirisha chenye maneno ya Kiingereza. Akabofya kukubali. Kidirisha kikaondoka, na brashi haikuwapo. Alifanya hivyo siku nzima, akiamini kwamba haburuti vizuri.

Jioni akaja dirishani kwangu kununua sigara, na yeye havuti.

"Seka, mashine inanikatalia."

"Inasema nini?"

"Ningejua inasema nini, ningekuja kumuuliza muuza sigara?"

Nilimsamehe kwa sababu macho yake yalikuwa mekundu. Siku chache baadaye akaona kwenye simu video ya bwana mmoja wa nchi za nje anayeongea kama anafukuzwa. Maneno hakuyaelewa, akafuata mkono wake tu, na hapo akatambua kwamba brashi haili picha. Inataka mistari iliyochorwa. Akaiamuru kompyuta iigeuze picha kuwa mistari yenyewe, nayo ikatii kupita kiasi: kila unywele wa uzi ukawa mstari, maelfu kwa maelfu, mpaka mashine ikaganda, na orodha ya vyakula ya mkahawa ambayo Vinko alikuwa hajaihifadhi ikapotea.

"Zumra, nakuomba kwa heshima," Vinko akasema, na sauti yake niliisikia ng'ambo ya barabara, "wafu wana fremu tatu. Hajarudi hata mmoja kulalamika!"

Akachora kwa mkono. Mtu aliyekuwa akikata ngozi ya buti bila kupima, sasa anahangaika na kipanya siku mbili kupata kiganja kimoja chenye vidole vitano. Alikipata. Akakitengenezea brashi, akavuta mstari kuzunguka karatasi, na kile kiganja kimoja kikavutika kuzunguka karatasi yote, kama unga uliokandwa wa pita, ile pai yetu ya tabaka nyembamba, unavyovutwa hadi kingo za meza. Alikuwa amechagua aina ya brashi inayonyoosha, badala ya ile inayorudiarudia. Mimi nilicheka. Sikupaswa kucheka, na aliponitazama nilijuta.

Alipopata aina inayorudiarudia, viganja vikajipanga vyema juu, chini, kushoto na kulia. Lakini kona zote nne zilikuwa tupu, mashimo matupu, kama panya wamepita. Na rangi haikubadilika. Kiganja alikuwa amekichora kwa nyeusi. Akachagua damu ya mzee, kisanduku cha rangi kikaonyesha damu ya mzee, na fremu ikabaki nyeusi tititi. Akajaribu nyekundu. Nyeusi. Akajaribu manjano kwa hasira tu. Nyeusi. Kila wiki Slavka alipungua kilo, na kila wiki Zumra alikwenda kumtazama akiwa na fremu nyeusi kichwani na uwongo mdomoni: "Inakwenda vizuri, shoga, bado kidogo."

Hapo ndipo alipofanya kosa.

Waandika tanzia wana mwiko wao: jina la mtu aliye hai haliandikwi ndani ya fremu, hata kwa kujaribu. Ukitaka kujaribu, unatumia maneno ya marehemu wa mwaka jana. Zumra aliushika mwiko huo mpaka akagundua kwamba marehemu wa mwaka jana alikuwa na jina fupi, na Slavka jina lake ni refu kama treni, Slavojka Muharemagić wa ukoo wa Trivunčić, na lazima ajue kama litagusa vidole vya kroshia. Basi akaliandika. Akaweka na picha, ile ya safari ya kiwanda, Slavka akicheka amevaa kofia ya mtu mwingine. Aliniambia baadaye kwamba alijitemea kifuani mara tatu kufukuza mkosi kabla ya kubofya. Nafasi ya tarehe akaiacha wazi. Akachapa nakala tatu ili apime kona kwa rula, maana skrini na karatasi hazisemi ukweli mmoja, kisha akaitwa haraka ampeleke Slavka hospitali kwa dawa zake. Karatasi akaziacha juu ya meza kando ya printa.

Mbandikaji wetu ni Rizo. Ana baiskeli, ndoo ya gundi, na miwani iliyovunjika tangu mwaka juzi. Hasomi. Anatazama rangi: kijani anapeleka msikitini na sokoni, nyeusi anapeleka kanisani na sokoni. Fremu ya Slavka ingetoka na rangi yake ya damu ya mzee, Rizo angesimama akauliza, kwa sababu rangi hiyo hana pa kuipeleka. Lakini ilikuwa nyeusi. Akaichukua pamoja na nyingine za siku hiyo, akapiga gundi.

Asubuhi nilifungua dirisha, na Slavka alikuwa ananichekea kutoka ubaoni.

Nililia pale pale, mbele ya mteja aliyekuwa akisubiri gazeti, nikamwambia ajichukulie mwenyewe na aniache. Nilikasirika pia, nakiri: sikuambiwa, mimi! Na nyeusi! Kisha nikapangusa macho, nikaona hakuna tarehe. Nikaona mashimo kwenye kona. Nikaelewa. Niliibandua ile karatasi kwa kucha, gundi mbichi ikanijaa mikononi, nikavuka barabara mbio. Zumra alikuwa ndio kwanza anafungua duka.

"Zumra, ulichapa ngapi?"

Akaitazama karatasi mkononi mwangu. Sijawahi kuona mtu akigeuka rangi haraka vile.

"Tatu," akasema. "Seka, nilichapa tatu."

Akaondoka mbio kuelekea kanisani bila koti. Mimi nikafunga kibanda, jambo nisilolifanya hata siku za mafuriko, nikaenda nyumbani kwa Slavka.

Nilichelewa. Krsto, kaka yake Slavka, alikuwa ameshafika getini, kofia mkononi na mshumaa katika mkono mwingine, analia kwa sauti. Na kutoka upande wa pili wa mtaa alikuja Šefika, dada yake Mevludin, wifi yake Slavka, mkate wa asubuhi kwapani. Alikuwa amesikia dukani kwa mwokaji kwamba wifi yake amewekwa kwenye nyeusi. Hata mmoja wao hakuwa ameingia ndani kuuliza. Walikutana hapo getini.

"Dada yangu amekufa, nami naambiwa na nguzo ya umeme ya kanisani!" Krsto akapiga kelele.

"Usinililie mimi! Umekimbilia kutoa karatasi yako nyeusi kabla maiti haijapoa. Miaka thelathini na moja amekaa kwetu!"

"Sijatoa karatasi yoyote!"

"Eti! Imejitoa yenyewe?"

"Na atazikwa kwa mama yetu, sikia hilo!"

"Atazikwa na mumewe!"

"Mumewe hajafa!"

"Atakufa!"

Nilijaribu kusema. Nani ananisikia? Majirani walikuwa wameshatoka vibarazani. Krsto akasema kasisi ameshajua. Šefika akasema sanda iko tayari kabatini kwake, aliinunua tangu Januari. Tangu Januari!

Dirisha likafunguliwa. Slavka alikuwa amesimama ndani ya gauni lake la kulalia, kitambaa kichwani kwa sababu nywele zilikuwa zimekwisha, mkono mmoja umeshika fremu ya dirisha.

"Ngojeni kwanza nife," akasema, "halafu mtagawana."

Mshumaa ulimponyoka Krsto. Šefika akasema "Bismillahi" na kukaa kwenye ngazi kama gunia. Wakati huo Zumra akatokea mwisho wa mtaa, anahema, karatasi mbili zilizokunjamana kifuani.

Aliingia ndani na sisi tukamfuata, kila mtu ameinamisha kichwa. Slavka alirudi kitandani akanyoosha mkono.

"Ilete."

"Slavka, nisamehe, sikujua kwamba Rizo..."

"Ilete nione."

Akaikunjua juu ya blanketi. Aliitazama muda mrefu. Jina lake hakulishughulikia, wala picha. Alikuwa anatazama pindo.

"Ni nyeusi, Zumra."

"Haikubali rangi. Naichagua, haikubali. Wiki tano sasa naichagua."

"Na hizi kona? Mtu akiona kona hizi atasema ni kroshia yangu? Mimi nimewahi kuacha shimo konani?"

"Sijui kona inafanywaje."

"Miaka ishirini na miwili umekaa pembeni yangu, hujui kona inafanywaje."

Hakulisema kwa utani. Zumra alisimama pale amebeba mikono yake kama vitu vya watu, nami nilidhani urafiki wao umeishia hapo, juu ya blanketi lile. Kisha Slavka akaanza kulia. Tangu ugonjwa uanze sikuwa nimemwona akilia.

"Nimewasikia," akasema, na hakuwa anamwambia Zumra tena. "Nimesikia yote jinsi itakavyokuwa. Mnajua inavyokuwa kusikia hivyo ukiwa kitandani?"

Krsto alitazama soksi zake. Šefika aliweka mkate juu ya meza, akauchukua, akauweka tena. Mevludin alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, na nilimwonea huruma kuliko wote, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kwamba ni mke wake.

Slavka akajifuta kwa pindo la shuka.

"Krsto, wewe ulifanya kazi Iraki na Waingereza, unasoma maneno yao. Wifi, wewe kona nilikufundisha mwenyewe. Nendeni naye. Sasa hivi, nyote wawili. Na msirudi hapa mpaka hiyo mashine ikubali."

Utamkataliaje mtu anayekufa?

Basi siku hiyo Zumra alikaa kwenye kiti chake, Krsto kuliani, Šefika kushotoni, mimi mlangoni, na kibanda changu liwalo na liwe. Vinko alikuja kuuliza kulikoni, akatazama nyuso zetu, akarudi kwenye fotokopi zake. Šefika akaomba karatasi na penseli.

"Unafanya kosa moja," akasema. "Unataka kiganja hikihiki kipinde. Hakipindi. Ukifika konani unafuma kingine, cha peke yake, vidole saba, viwili vya ziada kwenye tundu lilelile. Hivi. Kinafunguka."

"Cha peke yake?" Zumra akauliza.

"Cha peke yake, mama. Hukufundishwa kabla ya kuolewa?"

Zumra akarudi kwenye skrini. Kwenye kidirisha cha brashi kulikuwa na visanduku vitano vidogo mfululizo. Cha kwanza alikuwa amekijaza. Vile vingine alidhani ni mapambo. Akachora kiganja cha vidole saba, akakitia kwenye kisanduku chenye alama ya kona. Mashimo manne yakazibika mara moja. Šefika akatoa pumzi kwa nguvu.

Krsto akavaa miwani akasogeza uso karibu na skrini, akisoma kila neno kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Hapa chini wameandika njia ya kupaka rangi. Na hapa mbele yake pana neno... hili ni 'hakuna'."

"Hakuna nini?"

"Hakuna. Basi. Umeiambia hii brashi isipokee rangi ya mtu yeyote, ibaki ilivyozaliwa."

"Mimi sikuiambia!"

"Basi ilikuja hivyo, na wewe hukuiambia vingine. Badilisha."

Akabadilisha. Damu ya mzee ikazunguka karatasi yote, pande nne na kona nne, kila kidole. Hakuna aliyepiga makofi.

"Mapazia yangu hayo," Šefika akasema taratibu.

"Na meza yangu," Krsto akasema.

Walizungumza hayo tu. Waliondoka kwa njia mbili tofauti, ingawa wanakaa upande mmoja wa mto.

Zumra aliipeleka karatasi jioni ileile. Slavka alipitisha ukucha kwenye kona zote nne, moja baada ya nyingine, kisha akaomba kalamu na kuandika wafiwa kwa mkono wake: Mevludin juu, halafu Krsto na Šefika katika mstari mmoja. "Nikiwaona kwenye mistari miwili," akasema, "nitarudi kuwanyonga." Zumra alicheka mpaka akalazimika kutoka nje.

Alikufa mwishoni mwa Aprili, Jumanne, alfajiri. Saa tatu asubuhi nilimwona Zumra dukani kupitia kioo, amekaa mbele ya skrini, hasogei. Nikavuka. Kila kitu kilikuwa tayari: fremu, picha, jina lililokaa bila kugusa kidole hata kimoja, mstari wa Krsto na Šefika. Ilibaki tarehe. Mwanamke aliyepambana na brashi ile wiki sita alikuwa ameweka vidole juu ya vitufe na hawezi kuandika namba.

"Seka," akasema, "nikiiweka, basi."

Niliiandika mimi. Sikuwa nimewahi kugusa kompyuta, nikakosea mwezi, akanisahihisha kwa sauti ndogo, nikaandika upya. Kisha tukalia sote wawili, na printa ikaendelea na kazi yake.

Nakala zikiwa bado zinatoka, Šefika akaingia. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa, imeandikwa pande zote mbili, na nilijua ni maneno ya tanzia ya kijani, maana kila mtu huja nayo hivyo. Alisimama akasoma ile iliyotoka kwenye printa, neno kwa neno, mpaka kwenye jina lake. Akakitia kikaratasi chake mfukoni, akaomba nakala tano za kwake. Krsto alipopita baadaye, mfukoni mwake mlikuwa na nini sijui, na hakukitoa.

Rizo naye alifika na ndoo yake, akaziinua zile karatasi kwenye mwanga.

"Hii rangi gani? Naipeleka wapi?"

"Kote," Zumra akamwambia.

"Msikitini?"

"Msikitini."

"Na kanisani?"

"Rizo, kote ni kote. Na ukitoka hapo nenda kanunue miwani."

Alizikwa kwenye makaburi ya manispaa, juu kilimani, saa nane mchana, saa hiyo moja kwa pande zote. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia.

Wiki iliyofuata nilikuwa dukani nakunywa kahawa na Zumra, Vinko akaja akasimama nyuma ya kiti chake, amefurahi.

"Zumra, nilikukosea, nakiri. Ile fremu imependwa. Watu wawili wameshaniulizia. Sasa tuna ya nne: nyeusi, kijani, buluu, na hii ya wale waliochanganyika."

Zumra akaweka kikombe chini.

"Ya kina nani?"

"Waliochanganyika. Wa huku na huku. Mtu akiona tu rangi, ameshajua."

"Ameshajua nini?"

Vinko akatabasamu. Si mtu mbaya.

Zumra akakigeukia kipanya. Alifungua kisanduku cha brashi, na pale palikuwa na viganja vya Slavka, vidogo, vya damu ya mzee. Nilijua anachotaka kufanya na moyo wangu uliniuma. Nilitaka kumshika mkono. Akaviburuta hadi kwenye pipa la taka. Programu ikafungua kidirisha chake cha Kiingereza, ikamuuliza kama ana hakika. Safari hii alielewa. Akabofya.

"Umefuta!" Vinko akapiga kelele. "Wiki sita za kazi! Na hao watu wawili, niwaambie nini?"

"Waambie waje na cha kwao kutoka nyumbani," Zumra akasema. "Chochote mtu wao alichokuwa akikifanya kwa mikono yake. Nitakaa nacho mpaka kikubali. Kona nimeshajua zinavyofanywa."